Zoezi Lisilomngoja Mgeni Rasmi: Kupanga na Kutathmini Mazoezi ya Dharura za Mionzi



Naanzia Brazil, katika mji wa Goiânia, Septemba 1987. Mji huo haukuwa na kinu cha nyuklia. Ulikuwa na kliniki binafsi ya tiba ya saratani ambayo ilihama na kuiacha mashine yake ndani ya jengo lililobaki gofu. Tarehe 13 ya mwezi huo, watu wawili waliokuwa wakisaka vyuma vya kuuza waliingia humo, wakaking'oa kichwa cha mashine na kukipeleka nyumbani kwa toroli. Ndani yake mlikuwa na seziamu-137 yenye nguvu ya terabekereli 50.9. Siku chache baadaye mzigo ukauzwa kwa mwenye yadi ya vyuma chakavu. Usiku aliona kitu kinang'aa rangi ya buluu, akaita ndugu na majirani waje kutazama, na vipande vidogo kama punje za mchele vikagawiwa watu kama zawadi.

Watu wakaanza kutapika na kuharisha, ngozi zikababuka. Baadhi yao walipelekwa hospitali ya magonjwa ya nchi za joto, kwa sababu ndiyo magonjwa ambayo madaktari wa pale walikuwa wameyazoea. Aliyeshuku mapema ni mke wa mwenye yadi. Tarehe 28 alitia mabaki ya kifaa ndani ya mfuko, akapanda basi la abiria pamoja na mfanyakazi wa yadi aliyeubeba mfuko, wakaenda hadi kituo cha afya, akamweleza daktari kwamba kitu hicho kinaiua familia yake. Daktari alikiacha mezani kwa muda, kisha moyo ukamtuma kukitoa nje, akakiweka uani juu ya kiti. Kesho yake akaitwa mtaalamu wa fizikia. Mtaalamu huyo aliazima kifaa cha kupimia mionzi kutoka kwa watu wa utafutaji wa urani, na alipokiwasha sindano ikakimbia mpaka mwisho wa kipimo, kila upande alikokielekeza. Akadhani kimeharibika, akarudi kuchukua kingine. Alipofika kituoni, zimamoto walikuwa wamekwisha kuitwa, nao walikuwa wanajiandaa kukichukua kitu kile wakakitupe mtoni. Aliwahi kuwazuia.

Watu wanne walikufa. Watu wapatao 112,000 walipimwa, wengi wao katika uwanja wa michezo wa mji, na 249 wakakutwa na uchafuzi wa mionzi mwilini au kwenye nguo.

Nimekaa hapo Goiânia kwa makusudi. Hesabuni watu ambao kitu kile kiliwafikia: msaka vyuma, mwenye yadi, kondakta wa basi, daktari wa zamu, ofisa wa zimamoto. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye kwa kawaida hualikwa kwenye zoezi la dharura ya nyuklia. Wanaoalikwa ni wakurugenzi. Jambo langu la leo ni moja tu: zoezi lina kazi ya kutafuta mahali ambapo mpango utakwama, na lazima likatafute kwa watu ambao tukio litawaangukia kwanza. Zoezi lisilotafuta ni harusi: kuna hema, kuna fulana zenye maandishi, kuna wali na soda, na kila mtu anarudi nyumbani akisema shughuli ilifana.

Huenda mtu akauliza: sisi Afrika Mashariki hatuna mitambo ya umeme wa nyuklia, mambo haya yanatuhusu nini? Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, lenye makao yake Vienna, limeigawa hatari ya dharura hizi katika makundi matano. Makundi ya kwanza yanahusu vinu na viwanda vyenye nyenzo nyingi za mionzi. Kundi la nne linahusu dharura inayoweza kutokea mahali popote pasipotarajiwa: chanzo cha mionzi kilichoibwa, kilichopotea, kilichopinduka na lori barabarani. Kundi hilo ni la kila nchi duniani, iwe na kinu au isiwe nacho. Vyanzo vyenyewe tunaishi navyo. Wakandarasi wa barabara wanatembea na vifaa vya kupima mshindilio wa lami na udongo, vyenye seziamu na ameresiamu ndani. Viwanda vya saruji na vya vinywaji vina vipimo vya ujazo vinavyotumia mionzi. Hospitali zina mashine za tiba. Na yadi za vyuma chakavu tunazo, kila mji, zenye mizani mlangoni na kijana anayepiga nyundo bila glavu.

Wala si Brazil peke yake. Mwaka 2000 Thailand, katika mkoa wa Samut Prakan, kobalti-60 ya mashine kuukuu ya hospitali ilifika kwenye yadi ya vyuma na kuua watu watatu. Mwaka 2010 Delhi, mtaa wa Mayapuri, kifaa cha chuo kikuu kiliuzwa mnadani kama chuma, mtu mmoja akafa. Desemba 2013 nchini Mexico wezi waliiba lori bila kujua kwamba limebeba chanzo cha tiba. Na Januari 2023 kule Australia Magharibi kapsuli ya urefu wa milimita 8 ilianguka kutoka kwenye lori lililokuwa likitoka mgodini, ikatafutwa kwenye njia ya kilomita 1,400, na ikaonekana kando ya barabara tarehe 1 Februari. Mgodi, lori, barabara ndefu yenye vumbi: anayeijua njia ya kutoka Katanga au Ruvuma hadi bandarini hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tuingie jikoni. Mazoezi yana ngazi zake. Liko zoezi la mezani, ambapo wahusika wanakaa chumba kimoja na kujadili tukio hatua kwa hatua. Liko jaribio la stadi moja, kwa mfano kuvaa na kuvua mavazi ya kinga, au kupiga simu za tahadhari. Na liko zoezi kamili, lenye magari, majeruhi wa kuigiza na vituo vya uongozi vilivyofunguliwa. Zoezi kamili ndilo linalopendwa kwa sababu linapigwa picha. Mimi napendelea liwe la mwisho, baada ya mengine, kwani ni gharama kubwa kugundua mbele ya televisheni kwamba namba ya simu kwenye mpango ni ya ofisa aliyestaafu.

Kupanga huanzia kwenye malengo, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Lengo la “kupima utayari wa mkoa” halipimiki. Hakuna anayeweza kusimama uwanjani na daftari akaona utayari ukipita. Lengo linalopimika linasema: kamanda wa kwanza kufika ataweka uzio wa ndani usiopungua mita 30 kuzunguka chanzo kisicho na ngao, kabla mtu mwingine hajakisogelea. Mita 30 si namba yangu. Ndiyo inayopendekezwa na mwongozo wa kimataifa kwa waokoaji wa kwanza, kwa hali ambayo bado hakuna kipimo chochote kilichosomwa. Nyenzo zikimwagika kwa wingi, inakuwa mita 100. Moto, mlipuko au moshi ukihusika, mita 300. Kifaa cha kupimia kikishafika, mpaka husogezwa kufuata kiwango cha maikrosivati 100 kwa saa. Mwongozo huohuo unasema jambo ambalo ningelibandika ukutani mwa kila zahanati: usicheleweshe kuokoa maisha ya majeruhi kwa kuogopa kwamba amechafuka. Hilo nalo ni lengo zuri la zoezi, maana hofu ya muuguzi mbele ya mgonjwa anayesemekana “ana mionzi” huwezi kuiona kwenye karatasi. Utaiona akisita mlangoni.

Baada ya malengo huja hadithi ya tukio, na uhodari wa mpangaji hupimwa hapo, pamoja na ujasiri wake. Nitawapeleka Japan.

Tarehe 30 Septemba 1999, katika kiwanda cha kutengeneza mafuta ya nyuklia huko Tokaimura, wafanyakazi walimimina mchanganyiko wa urani kupita kiasi kwenye pipa moja, mmenyuko wa nyuklia ukaanza wenyewe, na wawili wakapoteza maisha. Japan ikatunga sheria maalumu ya maandalizi ya dharura za nyuklia. Vikajengwa vituo vya uongozi karibu na mitambo, na mazoezi ya kitaifa yakafanyika mwaka baada ya mwaka, mawaziri wakishiriki. Kwa anayetazama kutoka nje, hakuna nchi iliyokuwa na mazoezi mengi na nadhifu kama hiyo.

Julai 2007 tetemeko la ardhi likautikisa mtambo wa Kashiwazaki-Kariwa, mkoani Niigata, na transfoma ikawaka moto. Kwa hiyo mkoa ulipopanga zoezi la mwaka 2010 ukataka hadithi ya kuchanganya: tetemeko na ajali ya kinu kwa pamoja. Wakaguzi wa serikali kuu wakashauri wasifanye hivyo, kwa hoja kwamba wananchi wangeingiwa na wasiwasi. Zoezi likafanyika, na badala ya tetemeko wakaweka theluji nyingi. Miezi michache baadaye, tarehe 11 Machi 2011, tetemeko na tsunami vikaupiga mtambo wa Fukushima Daiichi.

Tazameni kilichotokea kwenye yale ambayo mazoezi yalikuwa yakiyachukulia kuwa yapo. Kituo cha uongozi kilikuwa mji wa Okuma, kilomita 5 tu kutoka kwenye mtambo. Umeme ulikatika, mawasiliano yakafa, na jengo halikuwa na vichujio vya hewa vya kuzuia chembe za mionzi, ingawa miaka miwili kabla wakaguzi wa serikali walikwisha kupendekeza viwekwe. Tarehe 15 kikaachwa, watu wakahamia mji wa Fukushima. Programu ya kompyuta ya kukadiria mwelekeo wa wingu la mionzi, iliyotumika sana mazoezini, haikutumiwa kuamua watu wahame kuelekea wapi. Amri ya serikali kuu ya kuhama ilianza na kilomita 3 saa 3:23 usiku wa tarehe 11, ikawa kilomita 10 alfajiri iliyofuata, ikawa kilomita 20 jioni ya siku hiyohiyo. Kuna waliohama, wakapumzika, wakaambiwa wahame tena.

Na wagonjwa? Kutoka hospitali ya Futaba na nyumba ya wazee iliyokuwa chini yake, kundi moja la wagonjwa wasioweza kutembea liliwekwa kwenye mabasi, likasafirishwa karibu kilomita 230 kwa saa zipatazo 10, bila huduma ya kutosha ya uuguzi njiani, hadi kwenye ukumbi wa michezo wa shule mjini Iwaki. Wagonjwa zaidi ya 50 wa hospitali na nyumba za wazee za eneo lile walikufa wakati wa kuhamishwa au muda mfupi baadaye. Mionzi haikuwaua hao. Waliuawa na safari. Tume huru iliyoundwa na Bunge la Japan ilipotoa ripoti yake mwaka 2012, iliyaelezea mazoezi ya kabla ya ajali kuwa ya kutimiza wajibu tu, yasiyowazia ajali kubwa wala majanga mawili kwa wakati mmoja.

Mimi siwacheki Wajapani. Hoja ya “tusiwatie wananchi wasiwasi” naisikia hapahapa kwetu, tena kwa lugha ya upole sana. Lakini mpangaji wa zoezi anayeondoa tetemeko kwenye hadithi haliondoi ardhini.

Wamarekani walijifunza upande mwingine wa jambo hili mapema zaidi. Ajali ya mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island ilipotokea Machi 1979, gavana aliwashauri wajawazito na watoto wasiofikia umri wa kwenda shule, waliokuwa ndani ya maili 5, waondoke. Hao walikuwa maelfu machache. Waliofunga mizigo na kuondoka ni watu wapatao 140,000. Kwa hiyo hadithi ya zoezi inayowachukulia wananchi kama mabegi ya kubebwa inakosea tangu mwanzo. Wananchi watafanya uamuzi wao, na watauanzia kwenye simu zao. Siku hizi, kabla kamanda hajamaliza kuweka utepe, ujumbe wa sauti umekwisha kuzunguka makundi ya WhatsApp ukisema maji ya mji mzima yana sumu na kwamba dawa ni kunywa maji ya chumvi. Mtu mwenye majeraha amekwisha kupakiwa bodaboda, ameingia zahanati ambayo haimo kwenye mpango. Mwenyekiti wa mtaa yuko pale pale na umati nyuma yake, anataka jibu. Hayo yote yaingizwe kwenye zoezi.

Namna ya kuyaingiza ina ufundi wake. Zoezi lina watu wa aina nne, na wasichanganyike. Wachezaji ndio wanaopimwa, nao hawaijui hadithi. Waendeshaji wanaijua yote. Wanashika orodha ya matukio iliyopangwa kwa dakika, na kila tukio linaandikiwa nani atalipeleka, kwa njia gani, na mchezaji anatarajiwa kufanya nini. Watathmini wanaona na kuandika. Watazamaji wanakaa mbali na kunyamaza, jambo ambalo kwa baadhi ya wakubwa zetu ndilo gumu kuliko yote. Kila simu na kila ujumbe wa redio huanza na neno “zoezi” na kumalizika nalo, ili anayesikia kwa bahati mbaya asikimbie na watoto. Na huwekwa neno moja la kusimamisha kila kitu endapo mtu ataumia kweli.

Kitu kimoja hapa nitakifungua kwa karibu, kwa sababu nimeona kikiharibiwa mara nyingi. Zoezini hatutumii chanzo halisi chenye nguvu. Kwa mafunzo ya kushika kifaa hutosha kitu dhaifu. Walimu wengi wametumia tambi za karabai za zamani, zile zilizotiwa thoriamu, ambazo zinatosha kukifanya kifaa kilie. Kwenye zoezi lenyewe namba hutoka kwa mwendeshaji, naye hutembea pembeni ya mpimaji akiwa na jedwali: mita 50, kiasi hiki, mita 10, kiasi hiki. Kanuni ni kwamba namba hulipiwa kwa kazi. Mpimaji akikiwasha kifaa, akakagua betri, akachagua kipimo sahihi, akakielekeza mahali panapofaa, ndipo anaambiwa namba. Asipokagua betri, haambiwi kitu. Mwendeshaji mwenye huruma humnong'oneza namba toka mbali, zoezi likasonga vizuri, na siku ya siku ikifika tutakuwa na mpimaji wa Goiânia ambaye hajui kama kifaa ni kibovu au hatari ni kubwa.

Ugonjwa wa mazoezi ya mezani ni “tuchukulie”. Tuchukulie kwamba ambulensi imefika. Tuchukulie kwamba maabara imeleta majibu. Katika zoezi moja la mezani nililoalikwa kutathmini, kwenye nchi ambayo sitaitaja, tuliomba namba ya zamu ipigwe kweli, palepale. Ikaita mpaka ikakatika. Ikapigwa ya pili, akapokea mtoto. Mkuu wa meza akatabasamu, akasema tuchukulie amepokea baba yake, tuendelee. Tungeendelea, tungeandika kwamba tahadhari ilitolewa ndani ya dakika tano, na ripoti ingesainiwa. Bahati nzuri mama mmoja wa idara ya afya aligoma, akasema yeye atakaa hapo mpaka mtu mzima apokee. Alipokea mtu mzima baada ya saa moja na dakika kumi, na hiyo ndiyo ilikuwa faida kubwa ya siku nzima.

Tathmini basi. Mtathmini mzuri haandiki “mawasiliano yalikuwa dhaifu”. Anaandika alichoona na saa alipokiona: polisi wa kwanza amefika, amesimamisha gari mita 8 kutoka kwenye chanzo, dakika tatu baadaye ameita kwa redio, hakutaja kwamba kuna alama ya mionzi kwenye sanduku. Maoni yatakuja baadaye, mezani, na yatajengwa juu ya hayo. Mtathmini asitoke kwenye idara anayoitathmini, maana hakuna ofisa atakayeandika kwamba bosi wake aliweka uzio kinyumenyume. Tubadilishane kati ya mikoa na kati ya nchi: wa Kampala aje Mwanza, wa Mombasa aende Tanga.

Na kuhusu saa nina angalizo la kwetu wenyewe. Ofisa aliye uwanjani anasema kwenye redio “saa nne na nusu”. Karani wa kituo cha uongozi anaandika 10:30, au kwa haraka anaandika 4:30. Taarifa inayokwenda Vienna hutumia saa ya kimataifa, kwa hiyo inapaswa kusomeka 07:30. Tukio moja, namba tatu. Zikichanganyika kwenye kumbukumbu, hutaweza kusema baadaye nani alijulishwa kabla ya nani, wala ni muda gani mtu alikaa karibu na chanzo, na dozi huhesabiwa kwa muda. Kila zoezi Afrika Mashariki liamue kabla ya kuanza litaandika kwa saa ipi, na mtathmini mmoja apewe kazi ya kulinganisha daftari zote. Vivyo hivyo kwa vipimo: anayesikia “milisivati” pale palipotamkwa “maikrosivati” amekosea mara elfu moja.

Zoezi likiisha, wachezaji wakae palepale kabla hawajavua buti, waseme wenyewe kilichokwenda na kilichokwama. Wao waanze, watathmini wafuate. Mtu akishasema kasoro yake kwa kinywa chake hana haja ya kuikana kwenye ripoti. Kisha ripoti iandikwe ndani ya wiki chache, na kila kasoro ifuatiliwe mpaka chanzo chake. Uzio uliwekwa karibu mno: kwa nini? Hakujua umbali? Alijua ila utepe ulikuwa mfupi? Utepe ulikuwepo ila barabara ni ya lami yenye magari na hakuwa na mamlaka ya kuifunga? Majibu matatu, na tiba tatu zisizofanana. Kumpeleka semina mtu ambaye alikosa utepe ni kupoteza fedha za umma.

Hapa ndipo mgeni rasmi anapoingia. Mnajua ilivyo: zoezi limepangwa saa tatu asubuhi, mgeni rasmi anafika saa tano na robo, ambulensi zimepanga mstari zikiwa zimewashwa, majeruhi wa kuigiza wamekaa kwenye kivuli wanakula karanga. Kila kitu kinaanza kwa ishara ya mkono. Ambulensi iliyo umbali wa mita mia mbili inafika kwa dakika moja, tunapiga makofi. Ajali halisi haina ratiba ya itifaki. Itatokea Jumamosi saa mbili usiku, mkuu yuko msibani kijijini na dereva ameondoka na ufunguo. Napendekeza mgeni rasmi aalikwe, kwa kuwa anashika fungu la bajeti, lakini aalikwe kwenye kikao cha kasoro. Huko ndiko kuna kazi yake. Zoezi lenyewe lianze kwa simu ya kushtukiza, ndani ya wiki ambayo imetangazwa, bila siku kutajwa.

Marekani wana utaratibu ambao ningependa tuuige. Mikoa inayozunguka mtambo hufanya zoezi kamili kila baada ya miaka miwili mbele ya watathmini wa serikali kuu, na kasoro kubwa, ile inayotia shaka kama wananchi wangelindwa kweli, inapaswa kurekebishwa na kujaribiwa upya ndani ya siku 120. Uzito wa kanuni hiyo uko kwenye kujaribiwa upya. Kasoro haifungwi kwa barua inayosema “tumechukua hatua”. Inafungwa na mtu kusimama tena mahali palepale na kufanya kile kilichomshinda. Kwetu kasoro nyingi hufungwa kwa barua.

Kimataifa nako yapo mazoezi. Baada ya Chernobyl, Aprili 1986, mikataba miwili ilipitishwa Septemba mwaka uleule: mmoja wa kujulishana mapema, mwingine wa kusaidiana. Ili mikataba hiyo isibaki makaratasi, Vienna huendesha mazoezi yaitwayo ConvEx kwa ngazi tatu. Ngazi ya juu hufanyika kila baada ya miaka mitatu hadi mitano na huchukua siku nzima na zaidi. Mwaka 2013 mwenyeji alikuwa Morocco, na hadithi ilikuwa ya bomu lililochanganywa na nyenzo za mionzi. Mwaka 2017 ilikuwa Hungary. Oktoba 2021 ilikuwa Falme za Kiarabu, kwenye mtambo wa Barakah, kwa saa 36, zaidi ya nchi 70 zikishiriki. Juni 2025 ilikuwa Romania, mtambo wa Cernavodă. Barakah inatuhusu kuliko watu wanavyodhani. Ndugu zetu wengi wanafanya kazi Abu Dhabi na miji ya jirani, majumbani, kwenye ulinzi, kwenye ujenzi. Siku ambayo ubalozi utapigiwa simu na familia elfu moja kutoka Nakuru, Morogoro na Mbale kwa saa moja, nani atapokea, na atawaambia nini? Wizara zetu za mambo ya nje zinaweza kujipa zoezi la mezani la swali hilo kwa gharama ya chai.

Ngazi ya chini kabisa ya ConvEx haina picha wala fulana. Vienna inatuma ujumbe bila kutangaza muda, kuona kama kituo cha tahadhari cha nchi kipo hewani na kama kuna mtu wa kuitikia. Basi. Nchi ambayo haijafaulu hilo haina sababu ya kukodi hema.

Ninyi mliomo ukumbini kutoka mikoani na kaunti mna mipango yenu kabatini, na kila mpango una ukurasa wa namba za simu. Usiku wa Jumamosi ijayo, saa mbili, mmoja wenu apige namba ya kwanza kwenye ukurasa huo, aanze na neno “zoezi”, aseme kuna sanduku la chuma lenye alama ya mionzi kwenye yadi ya vyuma chakavu na kijana ameanza kulipiga nyundo. Aandike saa aliyopiga, saa iliyopokelewa, aliyepokea ni nani, na swali la kwanza aliloulizwa.